Mgongo wa Anastasie

Kufuli ilifungwa kwa ndani. Hapo ndipo nilipowaacha juma lililopita, na tangu siku ile sina amani. Sokoni wananishika shati. Jana mama mmoja muuza ndagala alikataa kunipimia mpaka nimwambie kama Anastasie atatoka salama kwenye lupango la Zainabu, yaani ndani ya ua wake. Nikamwambia, mama, nipimie kwanza, nina njaa, mwandishi naye ana tumbo.

Haya. Mnaoanza leo, sikieni haraka. Anastasie ni mwanamke wa Makobola. Vita vilipofika kwao, alimpandisha mwanawe Bienfait kwenye boti lililojaa watu, akamweka mikononi mwa mama mkwe wake, kisha akarudi mbio kumchukua baba yake mzazi ambaye miguu yake ilikuwa haifanyi kazi tena. Aliporudi ufukweni na mzee mgongoni, boti lilikuwa limekwisha ondoka.

Mzee alifariki porini. Mama mkwe, alikuja kusikia baadaye, alifia huku mjini Baraka. Mtoto, hakuna aliyejua. Alikuwa na mwaka na kidogo siku ile. Sasa, kama yupo, anakaribia mitatu.

Ndiyo maana Anastasie anabisha hodi nyumba kwa nyumba akijitambulisha kuwa mlezi wa watoto. Kazi anaihitaji kweli, maana siku nyingine anashinda kwa maji. Lakini anachotafuta zaidi ni kuwaona watoto wenyewe. Mwanamke anayepita akiuliza "Hamujamuona mutoto yangu?" anafungiwa mlango, kwa sababu mji umejaa wanawake wa namna hiyo na watu wamechoka. Mwanamke anayetafuta kazi ya ulezi analetewa mtoto mpaka mkononi.

Basi, kufuli. Zainabu, mke wa Swedi mwenye boti, aliutia ufunguo kwenye pindo la kitenge chake, akalipiga fundo.

"Ikala," alisema.

"Mama, juu ya nini unafunga?"

"Ni mi njo nauliza. Nasikia iko mwanamke anazunguka mu manyumba, anajiita mulezi, kumbe anaangaliaka batoto ba bantu. Ni we?"

Anastasie alikaa kwenye mkeka. Hata hofu hakuipata. Hofu nayo inataka nguvu, na yeye alikuwa ametembea tangu alfajiri na ukanda wa kandambili moja umekatika.

"Mi natafuta kazi, mama."

"Jieleze basi."

Akajieleza. Maneno yale yale aliyoyasema mlango wa jana na wa juzi, kwa sauti ile ile, kama mwanafunzi aliyekariri somo asilolipenda.

"Naitwa Anastasie. Niko muntu wa Makobola. Najua kupika bugali, kufua, kuogesha mutoto, kumulalisha. Siibake, sikunywake pombe. Mi ni Mukatolika, lakini nyama ya nguruwe sitaiingiza mu nyumba yako."

"We ni mama nani?"

Ee Mungu, swali hilo! Huku kwetu mwanamke mzima haulizwi jina lake, anaulizwa la mtoto wake. Kwa Mama Dorothée, nyumba ya kwanza kabisa, Anastasie alisema ukweli: mi ni Mama Bienfait, na Bienfait alipotea. Mama Dorothée alimhurumia sana. Akampa bugali, akamwangalia akila, kisha akamwambia: "Dada, mwanamke mwenye kutafuta wake hatachunga wangu. Siku atamuona, wangu atamutupa chini." Akamfungulia mlango atoke. Tangu siku hiyo Anastasie amejifunza kudanganya.

"Sina mutoto," alisema.

Kila akisema hivyo anajisikia kama amemzika Bienfait kwa mdomo wake mwenyewe. Anasema hivyo hivyo.

"Na umuri yote ile?"

"Mungu hakunipatia, mama."

Zainabu alimkazia macho muda mrefu. Alikuwa mwanamke mwembamba, na macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. Mkimwona njiani mngesema yeye ndiye anayetafuta kazi.

"Bon," alisema. "Tutaangalia mugongo yako."

Wasomaji wa mbali, nisikilizeni. Hapa Baraka mlezi haulizwi barua wala diploma. Anapewa mtoto, anainama, anamfunga kitenge mgongoni, halafu watu wote wa lupango wananyamaza na kutazama. Mtoto akilia, mlezi anakwenda zake. Akinyamaza, anaanza kazi kesho. Ndio mtihani wenyewe, na hauna marudio.

Wasichojua wenye nyumba ni kwamba Anastasie naye ana mtihani wake. Bienfait, tangu akiwa mdogo kabisa, akiwekwa mgongoni alikuwa akipenyeza mkono chini ya kilemba cha mama yake, analitafuta sikio la kushoto, analishika, analizungusha polepole mpaka usingizi umchukue. Lilikuwa linauma. Anastasie alikuwa akimgombeza: acha we mutoto, utaling'oa! Siku hizi sikio hilo linamwasha bila mtu kuligusa.

"Rama!" Zainabu aliita.

Karibu na jiko kulikuwa na mtoto wa kiume akijaza mchanga kwenye mkebe. Hakugeuka.

"Rama, kuya huku!"

Mtoto akaendelea na mchanga wake. Ikabidi Zainabu aende amshike mkono, amvute.

"Njo huyu. Mubebe."

Anastasie aliinama. Mtoto akawekwa, kitenge kikafungwa, Anastasie akasimama. Mtoto alikuwa mzito, mwenye joto, ananuka mchanga na muhogo. Anastasie alifumba macho akangoja. Alitembea kidogo, akangoja tena.

Mikono ya mtoto ilining'inia tu. Mmoja ulikuwa umeshika kipande cha muhogo, na hata hicho kikadondoka. Kichwa kikalala begani, mate yakaanza kumtiririkia Anastasie shingoni.

Si yeye.

"Aka! Amelala!" Zainabu alisema, na kwa mara ya kwanza alitabasamu. "Mugongo yako iko muzuri kweli."

Machozi hayakutoka. Anastasie alitamani tu kulala pale pale mkekani, na mtoto wa watu mgongoni, asiamshwe mpaka vita viishe.

Najua, najua. Mnataka kufungia vitumbua kwa gazeti hili. "Mwandishi, umetuzungusha majuma yote haya kwa mtoto asiye wake?" Tulieni. Kama mmechoka, hamjachoka kumshinda yeye.

Zainabu alikuwa tayari anafungua fundo la ufunguo. Vidole vyake vilikuwa na haraka ya ajabu.

"Sikiliza, kazi haiko. Mi nilitaka uone tu. Umeona mutoto, haiko wako. Sasa enda, na usizunguke tena mu Baraka. Bantu bataanza kukuita mwizi wa batoto, na unajua vile bafanyaka mwizi."

Anastasie alipiga hatua mbili kuelekea mlangoni. Akasimama.

"Mama," alisema polepole, "mi nilikuambia sina mutoto. Ni nani alikuambia natafuta wangu?"

Kabla Zainabu hajajibu, mlango ulipigwa kwa ngumi kutoka nje.

"Mama Rama! Fungua, ni mi!"

Zainabu alifungua kufuli. Alikuwa Swedi mwenyewe. Aliingia suruali ikiwa imelowa mpaka magotini, ndevu za siku kadhaa, macho ya mtu aliyesinzia akiwa amesimama. Kwa kawaida boti lake likienda kijiji cha Kazimia hukaa huko juma zima. Alimwangalia mgeni, akaangalia mgongo wa mgeni, akakunja uso.

"Mama Rama, juu ya nini Safari ya Georgette iko mu mugongo ya ule mama? Na Rama wetu iko wapi?"

Mmesikia? Mtoto aliyelala mgongoni kwa Anastasie alikuwa Safari, mtoto wa Georgette jirani. Zainabu alikuwa amemwazima mtoto wa watu afanye mtihani badala ya wake.

Anastasie alikifungua kitenge. Hata katika saa ile alimlaza Safari mkekani taratibu, akamwekea mkono kifuani mpaka alipohakikisha hakuamka. Kisha akasimama.

"Kuko mutoto mu nyumba," alisema. Hakuuliza.

"Iko na homa. Analala."

"Homa gani?" Swedi alishtuka. "Imeanza lini?" Akaenda moja kwa moja kwenye mlango wa chumba.

Zainabu alimtangulia, akauziba mlango kwa mikono yote miwili.

"Swedi, usifungue, nakuomba! Haiko na homa. Ni ule mwanamke. Ni mama yake."

Swedi alikaa juu ya kinu. Mtu mzima yule alikaa tu, kama mtu aliyeambiwa msiba.

"Nani alikuambia?"

"Hakuna muntu. Namuonea ku uso. Angalia ile paji! Ni ya Rama kabisa. Kutoka aingie pale ku mulango nilijua."

"Kumbe unajua, na unamuficha?"

"Mi nilisema aone mutoto mwingine, aseme haiko wake, akwende zake, yamalizike!" Zainabu alikuwa sasa analia wazi, bila kujifuta. Akamgeukia Anastasie. "Ule kizee alishuka mu boti na mutoto, akaanguka pale ku musikiti. Alikufa mu mikono yangu, hakutaja jina ya mutoto. Alikuwa mifupa tu, dada. Mifupa! Mi nilikuwa nimezika batoto batatu. Nilimukunywesha uji na kijiko usiku na muchana, nilisema ule hatakufa, wallahi hatakufa. Nilimupatia jina ya baba mukwe. Mbele ya pale bantu balikuwa bananiita bibi ya Swedi. Sasa naitwa Mama Rama. We ukimukamata, mi bataniita nani?"

Mngetegemea Anastasie amrukie. Hata mimi nilitegemea, nilikuwa nimetayarisha matusi mazuri. Lakini alisema neno moja.

"Aksanti."

Zainabu alipangusa pua. Hakutegemea hilo.

"Aksanti juu hakukufa," Anastasie aliendelea. "Sikukuya kugombana, mama. Nguvu ya kugombana sina. Mi nimetembea, nimetembea, nimechoka. Bienfait yangu, ukimubeba, anakamataka sikio. Ile ya kushoto. Mumutie ku mugongo yangu. Akikamata sikio yangu, ni wangu, na tutaikala tuongee kama bantu bakubwa. Kama hakamate, natoka pale ku mulango, na hamutaniona tena."

Loo, mama yangu! Mbona uliahidi hivyo? Ni uchovu uliosema. Mtu akichoka sana anataka jibu lolote, hata la kumuua, ilimradi aache kutembea.

Zainabu aliposikia neno sikio alitaka kusema kitu. Akakimeza.

"Ni haki," alisema Swedi. "Mulete."

Mtoto aliletwa akiwa na usingizi, shati refu la kijani, mguu mmoja una alama ya mkeka. Anastasie alimwangalia mara moja tu. Paji lile. Masikio yale yaliyosimama kama ya marehemu baba yake. Hakuhitaji mtihani wowote, alijua mpaka tumboni. Lakini alikwisha toa neno lake mbele ya mwenye nyumba.

Akainama.

Walimfunga mgongoni. Anastasie alinyooka. Mtoto alikakamaa. Kisha mkono mdogo ukasogea. Ukapanda kwenye bega. Ukafika shingoni, ukagusa kilemba. Anastasie alisikia moyo wake mpaka kwenye meno.

Mkono ukamsukuma.

"Mama!" mtoto alipiga kelele. "Mama! Mama!" Alikuwa akijinyonganyonga atoke, mikono yote miwili imenyooshwa kwa Zainabu, anamwogopa mwanamke yule asiyemjua.

Anastasie mwenyewe ndiye aliyefungua kitenge. Zainabu akampokea. Mtoto akaficha uso shingoni kwake, akiwa bado ana kwikwi. Na mkono ule ule ukapanda, ukaingia chini ya mtandio wa Zainabu, ukalipata sikio la kushoto, ukalishika, ukaanza kulizungusha polepole.

Akanyamaza.

Wote watatu walikuwa wameona, na hakuna hata mmoja aliyeweza kukana. Ni Bienfait. Ni yeye, mzima, amenona mashavu. Na sikio alilolishika si la mama yake.

"Nilikuwa namugombeza juu ya ile kitu," Anastasie alisema. Wivu ulimchoma mpaka akaona aibu. "Nilikuwa namupiga ku mukono."

Alivaa kandambili zake, ile nzima na ile ya kukatika. Akaenda mlangoni. Alikuwa amesema atatoka, na alikuwa anatoka. Swedi alitazama chini. Alijua kwamba haki aliyoitaja yeye mwenyewe ilikuwa imekwenda vibaya, lakini hakujua pa kuirudisha.

"Dada," aliita Zainabu.

Anastasie hakugeuka.

"Dada. Ile kazi, ungali unaitaka?"

Nilipoandika sentensi hiyo niliweka kalamu chini, nikatoka nje kupunga upepo. Swali gani hilo la kumuuliza mzazi? Aajiriwe kumlea mwanawe mwenyewe. Alale jikoni. Asikie kila asubuhi "Mama!" na ajue si yeye anayeitwa. Najua wako kati yenu ambao wangemzaba Zainabu kofi. Wako wengine ambao wangempigia magoti. Mimi sijui ningefanya nini, na namshukuru Mungu sijaulizwa.

Anastasie alisimama, mkono uko kwenye mlango. Kule ndani, juu ya bega la Zainabu, jicho moja la mtoto lilikuwa linamwangalia, lina machozi bado, lina udadisi kidogo.

Alirudi. Alivua kandambili, akaziweka vizuri ukutani, akajifunga kitenge kiunoni.

"Maji ya kumuogesha iko wapi?" aliuliza.

Zainabu alimwonyesha ndoo kwa kidevu, maana mikono ilikuwa na mtoto. Wanawake wawili wale hawakutazamana. Anastasie aliinama kuinua ndoo, na nawaambia kweli, tangu Makobola hakuwahi kubeba mzigo mwepesi kuliko ule.

"Acha maji," alisema Swedi.

Alikuwa amesimama sasa. Sauti yake ilikuwa nyingine, ya mtu anayepanga watu kwenye boti.

"Leo hakuna kuoga. Munafikiri nilirudi mbele ya siku juu ya nini? Banakuya, bale ba bunduki. Kazimia bantu bote bako mu pori, bale tuliacha kule sijue kama batapona. Mama Rama, funga vitu. Mutoto umuvalishe nguo ya baridi. Tunavuka Kigoma leo, mbele jua ishuke."

Zainabu alimkumbatia mtoto kwa nguvu. Kisha, Mungu ambariki kwa hilo, aliuliza:

"Na dada?"

Swedi alimwangalia Anastasie, na ndoo yake mkononi. Nisimseme vibaya. Siku hizi kila mwenye nyumba anayevuka ziwa anafanya hivyo hivyo, na hakuna anayeona kosa.

"Mulezi anabaki," alisema. "Lazima kubakie muntu wa kulinda nyumba."